Skatingi Zangu za Mvule

Mimi si mtu wa kufundishwa na fundi. Miaka michache baada ya Uhuru nilijenga nyumba ya mawe kule Kiogoro, nikataka skatingi za mvule, zile mbao za kuzunguka chini ya kuta. Nikanunua vinia, ile ngozi nyembamba ya mvule, niibandike juu ya mbao za masanduku ya chai. Fundi akasema ninunue gundi. Nikamcheka. Tangu utotoni tulibandika magazeti ukutani kwa uji wa mahindi! Nikapika sufuria nzima, nikabandika mwenyewe, zikapendeza.

Siku ya Sabato akaja baba mkwe, ambaye siku zote aliniona mwenye maneno mengi.

"Huu ni mvule mtupu, Tata," nikamwambia, nikigonga skatingi kwa kiatu.

Aliridhika, akainua mkono aibariki nyumba. Tukafumba macho. Katikati ya maombi nikasikia ko-ko-ko chini ya ukuta, kisha maombi yakakatika. Nilipofumbua macho, kuku wetu walikuwa wakidonoa uji, na jogoo anatoka mlangoni akiburura utepe mrefu wa vinia.

"Mwanangu," baba mkwe akasema, mkono bado uko juu, "mvule wako unaliwa na kuku."