Wivu wa Baba Hayat

Mume wangu ana wivu. Ungekuwa wivu wa mapenzi ningejua la kufanya, maana huo hapa mtaani kwetu Buyenzi tumeuzoea, una dawa zake na makelele yake. Wa kwake ni wivu wa kitabu.

Massoudi anaandika programu za kompyuta. Baba yake alikuwa fundi magari, na banda la marehemu ndimo anamowakusanya wenzake wa kazi hiyo kila Jumamosi baada ya alasiri, wasome pamoja. Vitabu vya kazi yao vimeandikwa kwa Kiingereza, nao wamesoma kwa Kifaransa. Tena kitabu huwa kimoja tu, kimeletwa na mtu kutoka Nairobi. Basi Massoudi anakikata kwa wembe, anabana kila sura kwa pini, na kila mmoja anakwenda na yake nyumbani. Jumamosi aliyeibeba anawafundisha wengine kwa Kiswahili, kompyuta zikiwa zimefungwa. Asipofundisha yeye, hakuna mwingine aliyeisoma, na kitabu kinasimama hapo.

Ijumaa jioni ilikuwa yangu. Massoudi alikaa jikoni nikichambua mboga za lengalenga, akanifundisha mimi kwanza ili aone kama anaeleweka. Siku moja alinieleza kwa nini kompyuta inaweka karibu kitu inachokiomba kila mara. Nikamwambia, "Si kama vile mi naweka chumvi hapa karibu na jiko, kwa ajili yako?" Maana huyu bwana anaongeza chumvi hata kabla hajaonja. Kesho yake aliutoa mfano huo bandani, wakampigia makofi. Alirudi akanihadithia, nikatembea wiki nzima kichwa juu.

Kisha akaja Lisette, binti wa Bukavu anayekaa Musaga na kufanya kazi katika ofisi moja ya Kinanira. Aliyemkaribisha ni Massoudi mwenyewe. Lisette alipofundisha sura yake ya kwanza, maghrib iliadhiniwa watu bado wameketi. Alipofundisha ya pili, wakaja na wageni. Hata mwenzao Elysée, ambaye Massoudi akifundisha husinzia, siku hiyo aliuliza maswali.

Nyumbani mume wangu akaacha kuleta habari za kitabu, akawa analeta za Lisette. Eti anaongea mbio. Anacheka kabla hajamaliza. Nani alianzisha kikundi? Nani anafagia banda?

"Baba Hayat, we uko na wivu," nikamwambia.

"Mi siko na wivu. Mi niko na utaratibu."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na binti yetu Hayat akacheka kwa kuniona mimi nacheka.

Utaratibu wenyewe ulikuwa huu. Lisette aliomba sura inayoeleza jinsi ya kuandika programu ndogo ya kuikagua ile kubwa, makosa yaonekane kabla haijafika kwa mteja. Wote walikuwa wakiingojea sura hiyo. Massoudi akasema ataibeba yeye. Akaileta nyumbani, akaisukuma chini ya godoro, wala hakuisoma. Hakuwa na hamu ya kuifundisha, alitaka tu asiifundishe yule.

Jumamosi moja akasingizia umeme. Nyingine akasingizia mteja. Mwishowe Gélase, mpole kuliko wote, akamwambia mbele ya watu kwamba kama banda limechoka, Lisette amepata chumba kule Kinanira. Hapo nilimhurumia kweli. Bila lile banda Massoudi ni mtu wa kutengeneza printa mbovu za watu, na analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Jumamosi iliyofuata akawatumia ujumbe: ana malaria. Mtu mzima, mzaliwa wa mji huu, akasahau kwamba hapa mgonjwa haachwi alale peke yake! Baada ya alasiri wakafika wote na Fanta na ndizi, Lisette mbele. Massoudi akajifunika blanketi katika joto lile.

"Pole sana, grand," Lisette akasema, kama anavyoitwa kaka mkubwa. "We pumzika. Tupe tu ile chapitre, tukusaidie."

Massoudi akanitazama. Ningeweza kusema sijui iliko, lakini nilikuwa nimechoka. Nikainua godoro. Kurasa zilikuwa zimenyooka vilevile kama alivyozikata, hakuna hata mstari mmoja uliopigwa kalamu. Lisette akaona, Gélase akaona. Jasho la mgonjwa sasa likawa la kweli.

Lisette akaketi mkekani, akaanza kusoma na kutafsiri polepole. Hakuwa ameisoma kabla, basi akakwama. Mahali pengine akapotea kabisa. Massoudi alivumilia kidogo, kisha blanketi likaruka.

"Apana, apana! Si vile!"

Akaeleza anavyofanya mwenyewe kazini. Lisette akakataa. Wakabishana, wengine wakaingilia, Fanta zikaisha, na malaria ikasahaulika. Mlangoni Lisette bado alikuwa anacheka.

"Grand, kila mutu akisoma peke yake, anabeba makosa yake mpaka bandani. Vendredi nikupigie, tukaguane kwanza?"

"Muzuri," akajibu Massoudi, na wivu wote ukamtoka usoni. Niliuona unatoka, nikamshukuru Mungu.

Ijumaa hiyo waliyopatana akaketi palepale jikoni, mgongo kwangu, simu mkononi, sauti ya Lisette imejaa nyumba. Akaeleza sura mpya toka mwanzo. Nikaacha kuchambua ili nisikie vizuri.

"Hapo nitoe mufano gani?" akauliza.

Nilikuwa nao tayari mdomoni. Lisette akaniwahi. Massoudi akajipiga goti kwa kicheko, ndipo akanigeukia.

"Mama Hayat, umesikia? Muzuri, eh?"

"Muzuri," nikasema.

Kisha nikaitoa chumvi pale karibu na jiko, nikaipandisha juu kabisa ya kabati.