Baba Anasema Karani Bado Hajapeleka

Admin, ficha jina langu na usitaje shule yangu, tafadhali.

Hiki kitu sijaambia mtu yeyote, hata Mungu nimekuwa nikimwambia nusu nusu. Mahakama imemkataza baba yangu kuendesha gari, na kila asubuhi anaendesha. Kwetu nyumbani anayejua ni mimi peke yangu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita. Tulitoka Nakuru nikiwa darasa la saba, sasa tunakaa Birmingham, upande wa Hodge Hill: baba, mama, mimi na kakangu mdogo. Baba anahudumia wazee manyumbani kwao kule Sutton Coldfield. Huyu anaoshwa, yule anapewa chai na dawa, na bila gari hiyo kazi haipo. Visa yetu sisi wote imeshikiliwa na hiyo kazi. Mama anafanya shifti za usiku, kwa hivyo nikitoka shule amelala, akiamka anaondoka. Shuleni mimi ni yule wa nyuma. Sio kwamba wananionea. Hawanioni tu. Kuna siku sauti yangu siitumii kabisa mpaka nifike nyumbani.

Mwezi uliopita tukiwa likizo ya midterm baba aliniambia, "Mami, kesho tutaenda mahali pamoja, na mama asijue. Hao watu wa korti wanaongea haraka, na ile lafudhi yao! Utanisikizia." Kamera zilikuwa zimemnasa mara nne kwenye barabara ambazo mwisho wa mwendo ni maili ishirini kwa saa, akikimbilia wazee wake, na kila kosa lina pointi tatu za adhabu kwenye leseni. Kwenye gari akaanza kunichekesha. "Pointi kumi na mbili, mami! Kwetu kwa mtihani hiyo si ni A? Hapa wananiita kortini." Nilicheka sana. Nawaambia ukweli, hiyo safari ilikuwa tamu. Sikumbuki mara ya mwisho tulikaa sisi wawili hivyo.

Kortini nilikaa nyuma, viti vya wasikilizaji. Kulikuwa na mahakimu watatu, na mbele yao karani, mama mmoja wa miwani. Wakamuuliza baba kama kukatazwa kuendesha kutamletea shida kupita kawaida. Hapo ndipo angesema mambo ya kazi na visa. Baba akageuka akaniangalia, halafu akawaambia, "Hapana, waheshimiwa. Tutajipanga." Nafikiri hakutaka nimwone akiomba. Wakampa miezi sita.

Baba alipoingia choo nilimfuata karani kwenye korido. Mimi, ambaye basi likipita kituo changu siwezi kumwambia dereva. Nikamuuliza hiyo miezi sita inaanza lini.

"Imeshaanza, bab," akasema. Hilo ni neno la upole la hapa Birmingham, kama "mpenzi", wanamwita mtu yeyote. "Imeanza pale hakimu alipomaliza kusema. Mimi leo naingiza matokeo kwa kompyuta, yanaenda ofisi ya leseni, nao wanabadilisha rekodi yake. Lakini hata wao wakichelewa, yeye haendeshi. Mrudi kwa basi, sawa?"

Nilimwambia baba neno kwa neno. Akacheka.

"Karani? Mami, makarani nawajua. Kule kwetu faili itoke korti mpaka ifike hiyo ofisi nyingine, wewe umeshaolewa. Siku wataniandikia kwamba jina limefika, naweka funguo chini. Kwa sasa karani bado hajapeleka."

"Lakini baba, amesema ni kompyuta."

"Hata kompyuta inangoja mtu aamke vizuri."

Akafungua gari. Na mimi nikaingia, nikafunga mkanda.

Tangu siku hiyo ananipeleka shule, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Anapitia vichochoro vya Stechford ili asikutane na polisi. Nafikiri ni kuninyamazisha, au kunishukuru, sijui. Ananiuliza nimeota nini. Ananiambia vile alikuwa anaogopa hisabati. Kwa miaka nimetaka baba wa hivi, na nimempata kwa sababu ya hii siri, halafu naketi pale nikitazama kioo kila gari jeupe likitokea nyuma yetu, nikidhani ni polisi. Nimesoma kwamba bima haimlindi tena. Nimesoma kwamba akishikwa anaweza kufungwa. Yeye anaamini kabisa kuwa bado hajaanza kuvunja sheria, na hilo ndilo linaniumiza zaidi, maana siwezi hata kumkasirikia.

Sasa kesho kuna ibada ya ukumbusho Leicester. Mama amechukua ofu. Ameshawaambia wamama wawili wa kanisa kwamba nafasi iko, atampakata kakangu kama kile kiti chake cha mtoto hakitaenea. Watu wote hao, kwenye barabara kuu, na baba kwenye usukani.

Leo asubuhi nilijikaza nikamwambia, "Baba, mwambie mama." Taa zikawa kijani, akaondoa gari. Akasema, "Nikimwambia mama, atasema niache kuendesha. Nikiacha, kazi imeisha, tumerudi Nakuru. Unataka hivyo?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananiuliza kweli, kama mtu mzima mwenzake. Nikachukua begi langu, nikashuka.

Nyinyi mnaosoma, wengi ni wazazi. Kama ni mtoto wenu anajua hivi, mngetaka afanye nini? Nikisema, nimeiangusha familia yangu kwa mdomo wangu. Nikinyamaza na kitu kitokee huko barabarani, nitamwangalia nani? Ningekuwa na rafiki hata mmoja ningemuuliza yeye, nisingewasumbua. Nisaidieni kufikiria kabla ya asub

Ngojeni. Mama anapanda ngazi, nasikia slipa zake. Atakuwa anakuja kuuliza kama nimepiga pasi nguo za kesho. Siku zingine hapa ndipo simu inaingia chini ya mto. Leo naituma hivi ilivyo na naiacha hapa kwa mapaja, ikiwaka, maandishi yakiwa wazi. Anagonga. Nimemwambia aingie.