Inchi za Jirani

Wiki iliyopita binti yangu alikuwa sebuleni na gemu yake ya kuendesha ndege kwenye kompyuta. Anapenda ndege za abiria za zamani, zile zenye saa nyingi mbele ya rubani na mishale inayochezacheza. Mara akaanza kulalamika. Kiwanja kilimtajia mgandamizo wa hewa kwa milibari, kumbe altimita ya ndege yake, ile saa inayoonyesha ndege iko juu kiasi gani, inasoma inchi tu, kwa hiyo ilibidi ageuze hesabu huku anashuka. Niliposikia neno inchi niliacha kukunja nguo.

"Inchi za mvua?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka akapitiliza kiwanja. "Mama! Inchi za zebaki. Hiyo ni hewa, siyo mvua. Tena zikishuka ndiyo ujue hali ya hewa inaharibika."

Sikucheka naye. Nilikaa chini, hasira ya miaka mingi ikanirudia. Rafiki yangu unayesoma, kama umewahi kumchukia mtu tangu utoto bila kujua hasa alikosea wapi, utanielewa. Siku hiyo nilijua.

Nililelewa na bibi yangu kule Usevya, miaka ya tisini. Tulikula ugali na maharage, siku nyingine dagaa wa ziwani kutoka Ikola waliofika wamekauka kama vijiti, na nilikuwa nawapenda hivyohivyo. Lakini sifa ya Bibi ilikuwa mpunga. Mbegu yake aliipata kwa mama yake, naye mama yake vilevile. Ulikuwa mchele mwembamba, mwekundu kwa mbali, na ukiwa jikoni harufu yake ilifika barabarani, wenye baiskeli wakapunguza mwendo. Wanawake wengine walishauacha kwa sababu ulichelewa kukomaa, wakachukua mbegu fupi ya bwana shamba. Bibi alibaki nao peke yake. Mimi nilishinda shambani nikipiga debe kufukuza ndege, sauti ikikauka, na nilijua napiga kelele kwa ajili ya kitu ambacho hakipo kwa mtu mwingine.

Sasa huyo ninayemchukia, jirani yetu. Kabla ya kurudi kijijini alikuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege Mpanda mjini. Alirudi na koti la kaki, maneno mengi, na altimita aliyoing'oa kwenye ndege mbovu iliyofia pembeni ya kiwanja. Aliitundika ukutani, mahali ambapo watu wengine hutundika kalenda. Fundi mmoja alimfundisha kuzungusha kitufe kila asubuhi mpaka mishale ifike kwenye alama ya rangi, kisha asome namba kwenye kidirisha kidogo. Akamwambia hizo ni inchi, na kwamba zina habari ya hali ya hewa. Mengine jirani alijazia mwenyewe. Wakati ule bwana shamba na wazee wote walihesabu mvua kwa inchi, basi kwake inchi haikuweza kuwa kitu kingine. Namba ikipanda, mvua inakuja. Ikishuka, mvua imekwisha. Alisoma kinyume kabisa, na kwa sauti kubwa.

Kila asubuhi alitoka nje kututangazia. Mvua aliyoitabiri isipokuja, alisema imepita Mwese, kule milimani. Watu walicheka, lakini walimsikiliza, maana alikuwa mtu aliyeishi na ndege. Hata Bibi alimheshimu, na hilo mpaka leo linanikera.

Mwaka ule mvua za mwisho zilikuwa zinasitasita. Tulikuwa tumekata mpunga wote, umelazwa juu ya mabua ukauke kabla ya kupurwa. Kwa kawaida Bibi alichagua masuke ya mbegu siku ya kupura, akayafunga na kuyaning'iniza juu ya meko ili moshi uyalinde na wadudu. Safari hii moyo wake haukutulia. Akaanza kukusanya masuke ya mbegu ayapeleke nyumbani yakiwa bado mabichi. Jirani akapita na koti lake.

"Mama, mbona unajihangaisha? Inchi zimeshuka leo, tena zimeshuka sana. Mvua imekwisha hiyo. Liache jua lifanye kazi."

"Hata mbegu?" Bibi akauliza.

"Hata mbegu. Ukiiweka mbichi jikoni itakuvundia."

Bibi akayarudisha chini masuke aliyokwisha kuyashika. Nilikuwa nimesimama pale, nimebeba kamba ya kufungia, akaniambia niiache.

Mvua ilianza jioni hiyo. Ilinyesha ikasahau kuacha, shamba likawa bwawa, na ilipokatika mpunga ulikuwa umeota palepale kwenye masuke, kijani kibichi, mzuri wa kutazama na usiofaa kitu. Kiangazi kilikuwa kinaingia, hapakuwa na pa kuupanda. Bibi alipekua fungu hadi fungu akitafuta punje ambazo hazijaota. Zile chache alizopata zilikuwa zimeoza ndani.

Jirani alikuja kutupa pole. Alisema, "Hiyo haikuwa mvua yetu, ilikuwa ya Mwese, imepotea njia." Watu wakaangua kicheko. Hakusema samahani, wala siku ile wala baadaye. Aliendelea kutangaza inchi zake kila asubuhi mpaka nilipoondoka kijijini.

Naambiwa alishafariki, na kwamba shamba letu sasa lina mahindi ya mtu mwingine. Mpunga wa Bibi nimeuulizia kila ninapopita soko la Mpanda. Wauzaji vijana wananitazama kama nadai kitu cha kubuni, kisha wananionyesha magunia ya mchele mweupe. Wapo wanaosema marehemu hasemwi vibaya. Mimi namsema.

Msimu uliofuata Bibi alipanda mbegu ya bwana shamba kama wenzake. Kwetu chungu cha kwanza cha mchele mpya huliwa pamoja na majirani, na yeye hakuwa mtu wa kuvunja desturi kwa sababu ya kinyongo, kwa hiyo jirani naye aliitwa. Bibi akatia tonge mdomoni. Alitafuna muda mrefu, akameza, akavuta bakuli la maji akanawa.

"Huu ni mchele wa watu," akasema.

"Mbona mtamu tu, Mama," jirani akajibu, akanisogezea sahani nimwongeze.