Tarumbeta na Vitufe Sita

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Waliosema hivyo hawakuwahi kukaa mapokezi ya kituo cha afya chenye wagonjwa mia na vyumba sita. Pale ukinyamaza, wa meno anaingia chumba cha sindano, wa sindano anaingia stoo, na wote wanarudi mezani kwako wamenuna.

Kwa miaka kumi na tisa meza ile ilikuwa ya mwanamke aliyeitwa Tarumbeta. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho tu, na hapo napo lilikuwa limeanza kufutika. Kila mgonjwa alipewa kikaratasi chenye namba ya chumba, na Tarumbeta akisema "Nne!" basi wa nne aliyefikiwa na zamu aliinuka, hata kama alikuwa nje ananunua karanga. Kipaza sauti kilikuwepo kabatini. Hakuna aliyejua kama kinafanya kazi, maana hakikuwahi kuhitajika.

Halafu koo lake likaota vinundu. Akapasuliwa, na daktari wa koo akampa sharti: mwaka mzima asizidishe maneno kumi kwa siku, tena ya kunong'ona.

"Kumi?" aliuliza Tarumbeta.

"Hilo moja," alijibu daktari. "Yamebaki tisa."

Mume wake, fundi cherehani, mtu mpole asiyegombana hata na sindano, alidhani amepata likizo. Mzee, taulo! Mzee, mlango! Mzee, maji yanamwagika! Hayo yote yalikoma kwa siku moja. Wiki ya kwanza alijisikia kama mtu aliyevua viatu vilivyombana. Wiki ya pili alianza kuliacha taulo kitandani makusudi. Tarumbeta alilitazama, akamtazama na yeye, akaenda kulianika. Maneno kumi si ya kupoteza kwa taulo. Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda akiwa mnyonge kabisa.

Kazini nako mambo yalikuwa mabaya. Daktari mkuu wa kituo hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kila kitu kiwe na faida yake, hata watu.

"Mama, mtu wa mapokezi bila sauti nitamfanyia nini?" alimwambia. "Nitakupeleka stoo ukakunje bandeji. Hapa nitaleta mtu mwenye koo."

Tarumbeta aliwahi kuiona stoo ile. Haina mtu wa kumsalimia asubuhi. Akafungua mkoba wake wa maneno, akatoa manne.

"Nipe miezi miwili tu."

Alikuwa na lake moyoni. Alipokuwa kitandani akiuguza koo, alifuata kwenye simu masomo ya bure ya kutengeneza programu za kompyuta, kwanza kwa kukosa la kufanya, kisha kwa hamu. Alitaka dirisha moja kwenye kioo cha kompyuta, na ndani yake vitufe sita. Unabonyeza cha nne, spika ya ukumbini inasema "Nne!" Na sauti iwe yake mwenyewe, ile ya zamani. Mume wake alikuwa ametunza simuni kila ujumbe wa sauti aliowahi kutumiwa na mkewe, sijui kwa mapenzi au kwa uvivu wa kufuta, na ndani yake Tarumbeta alihesabu kila kitu: nyanya nne, sabuni mbili, umechelewa saa tatu nzima. Kazi ya kuzikata namba hizo aliichukua fundi, kwa kuwa kukata ndiyo kazi yake.

Kitufe cha kwanza kabisa kilikuwa cha majaribio, na Tarumbeta alikipa ujumbe wa kwanza aliokutana nao. Akaiwasha programu. Kabla hajagusa chochote, kompyuta ikapasua nyumba.

"Mzee! Hili taulo nani kaliacha hapa?"

Mlango wa bafuni ukafunguka kwa kishindo. Fundi akatokea mbio, povu hadi masikioni.

"Mimi! Mimi! Nalitoa sasa hivi!"

Akamkuta mkewe amejiziba mdomo kwa mikono miwili, anacheka bila sauti mpaka kiti kinatikisika. Fundi alisimama pale akichuruzika maji, macho mekundu, akasema ni sabuni. Haikuwa sabuni.

Kosa lilikuwa mabano mawili. Kitufe hupewa jina la kazi tu, kikalihifadhi mpaka kibonyezwe. Ukilifuatisha jina lile na mabano, kompyuta inaifanya kazi papo hapo, na kitufe kinabaki mikono mitupu. Ni sawa na kumwagiza mtu, "Mgeni akija mfungulie," naye akafungua mlango saa ile ile, akaufunga, akarudi kulala. Tarumbeta aliyafuta mabano. Kosa lile alilirudia mara tatu wiki ile, na kila mara fundi alikuja mbio. Mara ya tatu alikuwa hata hayuko bafuni.

Kupanga vitufe kulimchukua wiki mbili. Alitandaza vifuniko vya chupa mezani, akavisogeza, akachukua tepu ya mumewe na kupima kila kimoja kikae wapi, kutoka juu kiasi gani na kutoka kushoto kiasi gani. Vipimo vile vile akaviingiza kwenye programu. Fundi aliinama kutazama.

"Mke wangu, umeshona kwa vipimo vya mtu mmoja. Kioo cha kule kazini kina kiuno gani? Tia mpira."

Tarumbeta alimpungia mkono aende zake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lake lilikuwa linamsubiri kazini.

Vitufe vitano vilipokuwa tayari alikibonyeza cha mwisho, kile alichotoka kukimaliza. "Tano!" Akaridhika. Vile vinne vingine hakuvigusa. Kila akiisikia sauti ile alitamani kuijibu, na koo aliambiwa asilisumbue.

Iliyobaki ilikuwa namba sita, na hapo fundi akawa mtu wa kesho. Kesho nitaikata. Kesho kutwa. Asubuhi ya siku yenyewe alimpa faili kwenye flashi, akasema "Imo," kisha akashughulika mno na kola ya shati isiyokuwa na shida yoyote.

Daktari mkuu alikuwa amesimama mapokezi, mikono kifuani. Kioo cha kazini kilikuwa kipana mara mbili ya kile cha nyumbani. Programu ikawaka, na vitufe vyote vikajikusanya kwenye kona ya juu, vidogo, vimebanana.

"Hivi ni vitufe," aliuliza daktari mkuu, "au upele?"

"Kumbe mpira," alinong'ona Tarumbeta. Maneno mawili yakaenda.

Akaketi. Akafuta vipimo vyote vya tepu. Akaligawa dirisha safu na mistari, akaviambia vitufe kila kimoja kijaze nafasi yake, na nafasi zenyewe zivutike kadiri dirisha linavyotanuka. Saa nzima ilikwisha na ukumbi ukafurika. Vitufe vilipotandaa kioo kizima, vinene, vinasomeka hata na asiye na miwani, muda wa kujaribu haukuwepo tena. Akaingiza faili ya sita mwishoni mwa orodha, akamtazama mama mmoja mwenye mtoto na kikaratasi cha mbili, akabonyeza mbili.

"Wewe mzee!" ilinguruma spika. "Nimekupigia mara sita! Uko wapi? Chakula kinapoa, njoo nyumbani!"

Wazee wanne wakasimama. Mmoja akaanza kutafuta kofia yake. Mwingine akasema, "Nakuja, mama watoto, ni foleni hii." Daktari mkuu akatoa simu kwenye koti jeupe, akaitazama kwa hofu.

Tarumbeta akabonyeza tatu. "Wewe mzee! Nimekupigia mara sita!" Akabonyeza moja. Yale yale. Sasa wazee walikuwa saba wima, na wawili wameshafika getini, ambako waligongana na fundi cherehani akiingia mbio, tepu shingoni, begani pazia jipya la chumba cha tatu alilotumwa kulileta.

"Mama," alisema daktari mkuu kwa upole uliotisha, "stoo ile ina kiti kizuri sana."

Machozi yalimlenga Tarumbeta. Miezi miwili! Akafumba macho, akaupitia moyoni ule mstari alioandika mara moja ili ujirudie mara sita, kitufe kimoja kila mzunguko.

"Kikapu!" alinong'ona. Likawa neno la tatu.

Alikuwa ameviambia vitufe vyote: ukibonyezwa, cheza kilichomo kikapuni. Kikapu chenyewe kilikuwa kimoja, na kila alipotia namba mpya aliitoa ya zamani. Mwisho wa mzunguko ikabaki ya sita peke yake, na vitufe vyote sita vilikuwa vinakimbilia hapo. Nyumbani kile cha tano kilisema kweli kwa sababu tu kilikuwa cha mwisho. Angebonyeza jirani yake mmoja angeuona ufa mapema. Sasa alikuwa anajenga ukuta mbele ya watu mia. Dawa ilikuwa kila kitufe kishikishwe fungu lake mkononi kabla hakijaondoka. Akaongeza herufi chache, akaiwasha upya, akabonyeza mbili.

"Mbili!"

Ukumbi ukageuka wote kwa pamoja. Mfagiaji akaegemeza fagio ukutani. Mama mwenye mtoto akainuka, akaenda chumba cha pili bila kumuuliza mtu. "Nne! Moja! Tano!" na vikaratasi vikanyanyuka kama zamani.

"Tarumbeta karudi!" alipiga kelele bibi mmoja wa meno, shavu limevimba, na watu wakapiga makofi.

Kisha akabonyeza sita, na chakula kikaanza kupoa tena.

"Hiyo ikatwe," alisema daktari mkuu, ingawa naye alikuwa anacheka.

Fundi akasogea mezani, pazia bado begani. Alizungumza akiitazama sakafu.

"Nilishindwa. Hiyo ndiyo ya mwisho uliyonitumia. Kesho yake ulipasuliwa. Ningeikata hiyo sita, yaliyobaki ningeyaweka wapi? Kitambaa ukishakikata hakirudi."

Wiki zote zile alikuwa ameshika mkasi juu ya sauti ya mkewe, akiamini ikikatwa imekwisha. Tarumbeta akatoa maneno manne.

"Mzee, kompyuta hukata nakala."

Akamwonyesha. Faili moja ikawa mbili. Ya kwanza ikabaki nzima, ya pili ikakatwa, na kitufe cha sita kikasema "Sita!" kama wenzake. Daktari mkuu akaangalia saa yake.

"Kesho saa moja na nusu uwe mezani kwako," alisema, akaingia ofisini, na walimsikia akimpigia mkewe simu.

Mume na mke walirudi nyumbani pamoja jioni, na fundi akatangulia kuoga kabla ya kukaa kwenye cherehani. Tarumbeta aliingia chumbani kubadili nguo. Juu ya kitanda, katikati kabisa, limekunjuliwa vizuri ili lisikose kuonekana, lilikuwepo taulo bichi.

Alisimama akalitazama. Akahesabu kwa vidole: saba yameshatumika, yamebaki matatu ya kumfikisha asubuhi. Akageukia mlangoni, akavuta pumzi, akayatumia yote.

"Mzee! Taulo hili!"

Ulikuwa mnong'ono tu, mkwaruzo usioweza kuvuka hata pazia. Lakini sebuleni cherehani ilinyamaza ghafla, kiti kikaanguka, na miguu ikasikika ikija mbio.

"Mimi! Mimi! Nalitoa sasa hivi!"