Shimo la Tatu la Kumsenga

Nikisikia harufu ya nyasi kavu zilizofyekwa, hata leo na umri huu, vidole vyangu hujikunja vyenyewe kama vimeshika fimbo ya gofu. Msicheke. Nilikulia Kumsenga, Kibondo, na gofu tulicheza.

Mama yangu alikuwa daktari aliyehamishiwa kule kutoka Moshi, na kwenye mizigo yake mlikuwa na fimbo nne kuukuu. Baba Imelda, jirani yetu mkulima ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alituazima mteremko aliolishia mbuzi, Mama akachimba mashimo matatu. Alisema viwanja vya kale vya gofu, huko ng'ambo kando ya bahari, viko hivyohivyo: havina miti, ardhi ngumu, upepo mwingi. Mbuzi walitupunguzia nyasi. Walizozikataa tulifyeka wenyewe.

Shimo la tatu lilikuwa na kiburi. Bendera yake, kipande cha kitenge, ilisimama ng'ambo ya korongo, na upepo wa kiangazi ulivuma kutoka kushoto bila kupumzika. Mama alitufundisha, mimi na Imelda, sote tukiwa na miaka kumi na mmoja, kwamba shimo kama lile haliendewi moja kwa moja. Unapiga kwanza mpira mfupi, uishie kabla ya korongo. Kisha unauvusha kwa pigo la chinichini, upepo usiupate, ukilenga kushoto kwa bendera, na ardhi ngumu itauviringisha yenyewe. Imelda alisikiliza. Mimi nilikuwa binti wa aliyetufundisha, nikajiona nimezaliwa naujua mchezo.

Likizo ya Juni Mama alialikwa kupeleka mtoto mmoja kwenye mashindano Mwanza. Nilishaanza kupanga nguo aliposema tutashindana, na mshindi ndiye atakayekwenda.

Tulifika shimo la tatu tukiwa sawa. Imelda akapiga mpira mfupi, wa kinyonge, ukaishia kabla ya korongo. Nikamcheka. Mimi nikailenga bendera, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Mpira ulipaa vizuri mno, nikasikia raha mpaka kifuani. Kisha upepo ukausukuma, ukazama korongoni kwenye miiba. Kuutoa tu kulinigharimu mapigo manne. Imelda alimaliza shimo zima kwa manne.

Nikamwangalia Mama, nikingoja aseme yalikuwa mazoezi tu. Alimgeukia Imelda.

"Kamwambie baba yako tunaondoka Ijumaa."

Niliachwa kwa Mama Imelda. Alinimenyea mihogo na kuniambia "ihangane", yaani nivumilie, lakini nilinuna juma zima, nikiamini Mama anampenda mtoto wa watu kuliko mimi. Mwaka uliofuata nilipiga mpira mfupi, nikashinda, nikaenda mimi.

Nilipopata watoto wangu ndipo nilipomwuliza Mama kama siku ile ilikuwa rahisi kwake.

"Mpira wako ulipokuwa hewani niliuombea uvuke," alisema. "Mlipomaliza nikamtazama Imelda. Alikuwa ameshaanza kukusanya fimbo azirudishe ndani. Hakuamini kabisa kwamba ningemchukua yeye."

Nimejaribu sana kukumbuka uso wa Imelda pale. Siukumbuki. Sikuwa nimemtazama hata mara moja.