Bao la Plastiki

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilifanya kazi katika maabara ndogo Mji Mkongwe. Tulichunguza siko seli, maradhi ya damu ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi. DNA za watu tulizihifadhi ndani ya visahani vya plastiki vyenye vishimo vidogo, safu nane za vishimo kumi na viwili. Jina lake la Kizungu halikutukaa mdomoni, basi kisahani tukakiita bao.

Mwenzetu mmoja, mgeni kazini, alikuwa mchezaji bao hasa, wa kushinda barazani. Mikono yake ilitulia kuliko yangu. Alipoambiwa ajaze bao, alilijaza kama anavyotembeza kete: safu ya kwanza akaenda kulia, alipofika mwisho akateremka ya pili na kurudi kushoto. Mashine yetu haikuwahi kucheza bao. Kila safu iliisoma kuanzia kushoto.

Kwenye bao hilo alikuwamo binti wa mama yangu mdogo, wa Jang'ombe, pamoja na mchumba wake wa Mlandege. Koo zote mbili zilishazika watoto kwa maradhi hayo, kwa hiyo harusi ilisubiri jibu letu. Jibu likatoka kwamba wote wawili wameyabeba, yaani watoto wao wangeweza kuugua. Upande wa mwanamme wakaja na maneno laini, wakavunja posa. Walisema Mungu hakuandika. Mungu husingiziwa mengi.

Haukupita muda tukagundua. Kishimo cha mwisho cha safu ya pili hutiwa maji matupu, ili tujue kama mashine inasema kweli. Nilipoyapitia majibu tena, niliona maji yamesomwa kwenye kishimo cha kwanza cha safu hiyo. Nikamuuliza mwenzetu alijazaje, naye akanionesha kwa kidole hewani, kwenda na kurudi, bila wasiwasi wowote. Nilikasirika, kisha nikacheka, maana jina la bao tulilitoa sisi.

Tukapima upya. Binti, aliyekuwa safu ya kwanza, alibeba kweli. Mwanamme wa safu ya pili, aliyekuwa amepewa jibu la mtu mwengine, hakubeba kitu, na kwa hivyo wangeweza kuoana bila ya hofu hiyo. Yeye nilimwambia mwenyewe alipopita maabara. Alishukuru sana.

Mimi nilishikwa na homa, nikachelewa kufika Jang'ombe. Nilimkuta binti uani, ungo magotini, anachagua mchele. Nilimpa habari nikitaraji furaha, na furaha yenyewe nilikuwa nayo mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na yeye ushamwambia?"

"Nshamwambia. Tangu juzi."

Akaokota chuya moja, akaitupa.

"Kutoka Mlandege mpaka hapa watu wanakwenda kwa miguu," akasema. "Ahsante, dada. Kaa ule."