Jani Jeupe Halipiki

Mama Jani hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na dereva wa kitalu cha miche, mtu wa maneno mengi, aliyemkuta asubuhi moja akipangusa majani ya mmea kwa kitambaa laini, moja baada ya jingine, kama anayemwogesha kichanga.

"Mama Jani, huyo ameshanyonya?"

"Ameshanyonya na amecheua. Njoo umbebe, baba yake."

Wafanyakazi wakaangua kicheko, na jina likaganda.

Alifika pale kufagia. Mumewe alikaa naye miaka kumi na miwili, akamwita tasa mbele ya mawifi, kisha akaoa mwingine. Nyumba waliyoijenga wote, yeye akiteka maji na kukanyaga udongo, ikawa ya mke mpya. Alitoka na sufuria mbili. Karatasi ya talaka alisomewa na jirani, maana darasani hakuwahi kukaa. Tangu hapo mdomo wake ukawa pilipili. Aliyempa pole alijibiwa, "Pole haiezeki nyumba."

Mmea wenyewe aliuokota jalalani. Mwenye kitalu, mama mtu mzima, aliuagiza kutoka mbali, ukaoza njiani, akautupa. Mama Jani akachambua kipande cha shina kisichozidi kidole, akakata palipooza, akaona jicho moja la kuchipukia limevimba. Akakipanda kwenye makumbi ya nazi yaliyoloweshwa, ndani ya debe, akafunika na mfuko wa nailoni. Miezi minne kimya. Wa tano likachomoza jani dogo, nusu kijani, nusu jeupe, kama lililomwagiwa maziwa.

Baada ya miaka tisa mmea ulikuwa umepanda nguzo hadi kwenye neti ya kivuli, majani mapana kama sinia. Wageni walipokuja kuushangaa, mwenye kitalu alisema, "Huu nimeulea mwenyewe." Mama Jani alikuwa hapo hapo, kopo la maji mkononi. Alimeza. Kumeza alishazoea.

Alichojua hakukitoa kitabuni. Aliona kwa macho yake kwamba jani jeupe tupu halidumu.

"Jeupe ni bibi harusi," alimweleza dereva. "Linakaa litazamwe. Jikoni yupo kijani, ndiye anayewapikia wote."

Kwa hiyo kila tawi lilipoanza kutoa meupe matupu, alilikata, akashuka hadi kwenye jicho lenye rangi zote mbili, na mmea ukaanza upya kutoka hapo.

Mwenye kitalu alipofariki, kazi ikashikwa na binti yake, ambaye Mama Jani alimjua tangu akivaa sare ya shule. Mwaka huo mmea ulikuwa na matawi mawili. Moja lilitoa majani meupe pepepe, na binti alikataza lisikatwe kwa sababu watu walikuja kupiga nalo picha. La pili lilikuwa limerudia ukijani, limebakiwa na michirizi myeupe tu. Siku moja binti akaja na wageni wawili.

"Mama Jani, kata hili la kijani. Linanyonya nguvu ya jeupe."

"Mwanangu, ukikata hili, lile litakula nini?"

"Haya mambo nimeyasoma, mama."

"Na mimi nimeyafanya."

Binti akawageukia wageni. "Kusoma hajui, lakini kwa ubishi amehitimu." Wakacheka. "Kata, halafu choma. Sitaki mtu aondoke na kipandikizi changu."

Akakata. Vilitoka vipande vinne, kila kimoja na jicho lake nono. Akavipeleka nyuma ya stoo, walikochomea takataka. Hapakuwa na mtu. Kimoja kingeenea kifuani mwake bila hata kutuna, na alilifikiria hilo. Hakuzuiwa na woga. Alizuiwa na hasira. Si amesema nichome? Nachoma. Aliiona siku binti atakapokuja analia, naye atamwambia, "Nilikwambia." Utamu huo aliutaka kuliko mmea. Akavitia vyote motoni. Vilikuwa vibichi, vikatoa moshi mwingi, vikachelewa kuisha.

Majani meupe yakaanza kuungua pembeni, rangi ya chai. Mama Jani akaongeza kivuli, akapunguza maji, akabadilisha makumbi. Alipangusa yaliyobaki mpaka yakabaki mawili, kisha hakuna.

Mwezi wa tatu tangu tawi likatwe, binti alikuja peke yake, asubuhi na mapema.

"Mama, nilikosa. Vile vipandikizi... nakujua. Najua angalau kimoja ulificha. Sitakasirika, nionyeshe tu."

Lile neno lilikuwa tayari ulimini, lilivyongojwa miezi yote hiyo. Mama Jani akaitazama nguzo tupu, na neno likakataa kutoka.

"Nilichoma, mwanangu."

"Vyote?"

"Vyote."

Binti akajikalisha chini, udongoni, na nguo zake za ofisini. Mama Jani akachukua kisu, akaanza kukata shina kutoka juu, akikagua kila jicho. La kwanza kahawia. La pili kahawia. Kufika chini, ndani ya shina palikuwa kama mkate uliolowa.

"Tutaagiza mwingine," binti alisema, akijifuta pua.

Mama Jani alikuwa amepiga magoti, anafukua mizizi kwa vidole, anainusa mmoja mmoja. Uliooza aliuweka kushoto, taratibu. Kulia aliacha nafasi ya mzima, lakini hakupata wa kuuweka.